Tafuta Shahidi: Jinsi ya Kufanya Maswali ya Pupa, Ukuaji na Baki

Mwaka 2006 nilikuwa nakaa kwa mama mdogo, Majengo, Mombasa, na jioni baada ya shule nilimsaidia dukani. Siku moja mteja alichukua sukari ya shilingi ishirini, akatoa noti ya mia. Nikatoa chenji kama mkono ulivyozoea: noti ya hamsini, sarafu ya ishirini, sarafu ya kumi. Mama mdogo akanishika mkono kabla sijamkabidhi mteja. Akavirudisha vyote vitatu sandukuni, akatoa sarafu mbili za arubaini.

"Themanini ni mbili tu, mwanangu," akasema. "Hizo ndogo ziache. Asubuhi watu wa mandazi watazitaka."

Sarafu ya shilingi 40 ilitolewa Kenya mwaka 2003, uhuru ulipotimiza miaka 40. Nilipofika chuo kikuu nikakuta somo la hisabati diskreti, yaani hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: sarafu, siku, hatua za kompyuta. Mhadhiri aliandika ubaoni swali la kurudisha chenji, na mimi nikaliona sanduku la mama mdogo mbele yangu. Tangu siku hiyo somo hili nimelipenda, na sasa nawasomesha wengine jioni, wanne watano mezani, kila mmoja na daftari lake.

Shida wanayokuja nayo ni ile ile. Fasili wameikariri, mifano ya darasani wameinakili vizuri, lakini wakipewa swali jipya hawajui waanzie wapi. Mimi huwaambia: tafuta shahidi. Swali la pupa linataka kiasi kimoja cha pesa kinachoivunja kanuni. Swali la ukuaji linataka namba mbili, C na k. Swali la baki linataka namba moja ya kuzidishia. Ukimleta shahidi mbele ya msomaji, kesi imekwisha. Na kama unadai kwamba shahidi hayupo, kazi yako ni kuonyesha kwa nini hawezi kuwepo. Kabla hujaandika mstari wowote, jiulize uko upande gani kati ya hizo mbili.

Pupa

Algoriti ni orodha ya hatua za kutatua swali, na algoriti ya pupa ni ile inayochukua kilicho bora machoni pake sasa hivi, halafu hairudi nyuma kujuta. Kwenye chenji, maana yake ni hii: chukua pesa kubwa kuliko zote inayoingia kwenye kiasi kilichobaki, punguza, rudia. Waswahili husema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na kwa shilingi themanini methali hiyo ilinipata mimi mwenyewe: pupa ilinipa vipande vitatu, wakati viwili vilitosha.

Swali la kawaida ni hili: "Una pesa za 1, 5, 10, 20, 40 na 50. Je, pupa hutoa vipande vichache kuliko njia nyingine zote, kwa kila kiasi?" Usianze kwa kuthibitisha. Anza kwa kuwinda. Zipange pesa kwa ukubwa, kisha tazama kila jozi ya jirani na uulize: hii kubwa ni kigawe cha hii ndogo? Tano ni kigawe cha moja, kumi cha tano, ishirini cha kumi, arubaini cha ishirini. Hamsini si kigawe cha arubaini. Hapo ndipo pa kuchimba.

Ukishapata jozi mbovu, jaribu viasi vinavyolipika kwa ile ndogo bila kuigusa ile kubwa. Shilingi 60: pupa inatoa 50 na 10, vipande viwili, njia nyingine ni 40 na 20, navyo viwili. Sare, haitusaidii. Shilingi 80: pupa inatoa 50, 20, 10, njia nyingine 40 na 40. Shahidi huyo hapo. Jibu lako la mtihani linatosha kuwa mistari miwili: "Hapana. Kwa 80 pupa hutumia vipande 3, lakini 40 + 40 ni vipande 2." Nimeona vijana wakiandika ukurasa mzima baada ya mistari hiyo. Kesi imekwisha, keti.

Sasa tuseme hamsini haipo. Pesa ni 1, 5, 10, 20 na 40 tu. Ukiwinda hutapata kitu, basi badilisha kazi: thibitisha kwamba shahidi hawezi kuwepo. Uthibitisho huu naupenda kuliko mwingine wowote katika somo hili, kwa hiyo nauandika polepole.

Chukua malipo yoyote ambayo ni bora kabisa, yaani yenye vipande vichache kuliko mengine yote. Ndani yake hakuna sarafu tano za moja, maana ungezibadilisha kwa sarafu moja ya tano na vipande vingepungua. Kwa hiyo za moja hazizidi nne. Za tano haziwezi kuwa mbili, maana mbili ni kumi. Za kumi haziwezi kuwa mbili, maana mbili ni ishirini. Za ishirini vivyo hivyo. Jumlisha zote zilizo chini ya arubaini, kwa wingi unaoruhusiwa: 4 + 5 + 10 + 20 = 39. Hazifiki 40. Maana yake, malipo bora hayawezi kuacha arubaini hata moja inayoingia, kwa sababu ndogo zote kwa pamoja haziwezi kuijaza nafasi yake. Idadi ya arubaini imelazimishwa, na ni ile ile ambayo pupa ingechukua. Shuka ngazi: chini ya 20 ni 4 + 5 + 10 = 19. Chini ya 10 ni 9. Chini ya 5 ni 4. Kila ngazi pupa na malipo bora yanasema neno moja.

Rudisha sasa ile hamsini, uone uthibitisho unavunjikia wapi. Sarafu mbili za arubaini hazina kipande kimoja cha kuzibadilisha, kwa hiyo zinaruhusiwa kukaa pamoja kwenye malipo bora. Chini ya 50 unaweza kuwa na 80. Uthibitisho umepasuka mahali pale pale alipojificha shahidi. Ukikwama kwenye uthibitisho, usiufute kwa hasira. Soma sentensi iliyokataa kusimama, mara nyingi itakuelekeza mfano unaopinga.

Zoezi: pesa za 1, 5, 10, 20 na 50, bila arubaini. Hamsini si kigawe cha ishirini, kwa hiyo utashuku. Lakini ishirini tatu hubadilishwa kwa 50 na 10, na ishirini mbili zikikaa na kumi moja hubadilishwa kwa hamsini moja. Basi chini ya 50 kiasi kikubwa kabisa ni 20 + 20 + 5 + 4 = 49. Pupa imepona. Jozi mbovu ni dalili, si hukumu.

Nilizaliwa Tanga, na wanafunzi wanaotoka upande huo huniuliza sarafu za Tanzania: 50, 100, 200, 500. Zote zikiwepo pupa inafanya kazi. Lakini tuseme duka limeishiwa sarafu za hamsini na za mia, na unatakiwa urudishe 600. Pupa inachukua 500, inabaki 100, inakwama, wakati sarafu tatu za mia mbili zingemaliza shughuli. Hapa pupa haikutoa jibu baya tu, imekosa jibu kabisa. Ukisoma swali, angalia kama pesa ndogo kuliko zote inaweza kulipa kila kiasi kinachoulizwa.

Aina ya pili ya swali la pupa ni ratiba. Chumba kimoja, maombi manane, na hakuna mawili yanayoweza kugongana. Unataka kukubali mengi iwezekanavyo. Saa hizi ni za Kiswahili, mchana: A 1–6, B 2–4, C 3–5, D 4–7, E 5–8, F 7–9, G 8–11, H 6–10. Ukichagua anayeanza mapema, unampa A, halafu H, umeishia wawili. Ukichagua anayemaliza mapema, unampa B (anatoka saa 4), halafu D (anatoka saa 7), halafu F. Watatu.

Kwa nini kumaliza mapema ndiyo kanuni sahihi? Chukua mpango wowote bora. Litoe ombi lake la kwanza, weka mahali pake lile linalomalizika mapema kuliko yote. Haligongani na yanayofuata, kwa sababu halichelewi kuliko lile ulilolitoa. Idadi haikupungua. Kwa hiyo upo mpango bora unaoanza na chaguo la pupa, na yaliyobaki ni swali lile lile, dogo zaidi. Watu wengi hushawishika na kanuni ya "chagua ombi fupi kuliko yote", na inasikika ina akili. Shahidi wa kuipinga: 2–5, 4–6, 5–9. Fupi ni la katikati, nalo linawafungia mlango wote wawili wa pembeni.

Ukuaji

Swali la ukuaji linauliza hatua za kazi zinaongezeka kwa kasi gani, n, yaani ukubwa wa kazi, inapokua. Hapa shahidi ni wawili, na lazima waje pamoja. Tunasema funksheni f ni O(g), "o kubwa ya g", kama zipo namba C na k ambazo kwa kila n inayozidi k, f(n) ≤ C·g(n). Alama ya O ilitumiwa na Mjerumani Paul Bachmann mwaka 1894, Edmund Landau akaieneza, na mwaka 1976 Donald Knuth akawahimiza watu wa kompyuta watofautishe O na wenzake wawili, Omega (sakafu) na Theta (dari na sakafu kwa pamoja). Wengi wetu bado tunaandika O tukimaanisha Theta. O ni dari tu. Kusema n ni O(n²) ni kweli kabisa, ingawa dari hilo liko juu mno.

Mtihani wangu wa kwanza wa mada hii nilipoteza alama nyingi kwa sababu niliandika "n² hukua haraka kuliko 5n, kwa hiyo 5n haina maana". Ni kweli, lakini si uthibitisho. Hakuna C, hakuna k. Nilikuwa nimekuja mahakamani na maneno mazuri, bila shahidi.

Njia ni hii. Swali: onyesha kwamba 3n² + 5n + 7 ni O(n²). Kila kipande kidogo kipandishe kifike n². Kwa n ≥ 1, 5n haizidi 5n², na 7 haizidi 7n². Jumla haizidi 15n². Shahidi: C = 15, k = 1. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea C = 4 na k = 7, akidhani amekosea kwa kuwa majibu yetu hayafanani. Tukapima pamoja: anahitaji 5n + 7 ≤ n². Kwa n = 6 ni 37 dhidi ya 36, inakataa. Kwa n = 7 ni 42 dhidi ya 49, inakubali, na kuanzia hapo n² inazidi kuacha pengo. Yuko sahihi. Mashahidi wako wengi. Mlete yeyote anayesema kweli.

Upande wa pili: onyesha kwamba n² si O(n). Tuseme C na k wapo. Basi n² ≤ Cn kwa kila n inayozidi k. Gawanya kwa n, unapata n ≤ C. Lakini naweza kuchukua n inayozidi C na k kwa pamoja. Haiwezekani, kwa hiyo mashahidi hawapo. Umbo hili la jibu likariri kama unavyokariri njia ya kwenda nyumbani: wachukulie wapo, rahisisha, chagua n inayowaumbua.

Mitego mitatu hurudi kila mwaka. 2ⁿ⁺¹ ni O(2ⁿ), kwa sababu ni 2·2ⁿ tu, C = 2. Lakini 2²ⁿ si O(2ⁿ), kwa sababu ni 4ⁿ, na ukigawanya unabaki na 2ⁿ ambayo hakuna C itakayoizuia. Kuongeza moja kwenye kipeo na kuzidisha kipeo kwa mbili ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtego wa tatu ni msingi wa logi (logariti). Logi ya msingi wa 2 na logi ya msingi wa 10 zinatofautiana kwa kizidishi kisichobadilika, ambacho C inakimeza, kwa hiyo ndani ya O huandikwa "log n" bila kutaja msingi.

Na usiyaamini macho kwa namba ndogo. Linganisha n¹⁰ na 2ⁿ. Kwa n = 10, ya kwanza ni bilioni kumi na ya pili ni 1,024. Ukiishia hapo utaapa kwamba n¹⁰ ndiyo kubwa. Chukua logi ya msingi wa 2 pande zote, swali linakuwa: lini n inapita 10·log n? Kwa n = 58 upande wa kulia ni karibu 58.6, bado uko juu. Kwa n = 59 ni karibu 58.8, umepitwa, na haurudi tena. Kwa hiyo n¹⁰ ni O(2ⁿ), na shahidi ni C = 1, k = 58. Nilipomaliza hesabu hiyo mezani kwa kikokotoo, mmoja wa wanafunzi aliandika 58 kwenye kiganja chake. Nilifurahi sana, kwa sababu ukuaji hauingii moyoni mpaka uuone ukipita mahali fulani hasa.

Kama unataka kuhisi uzito wake zaidi: kompyuta inayofanya hatua bilioni moja kwa sekunde hufanya hatua 60² = 3,600 kabla hujapepesa jicho. Hatua 2⁶⁰ zitaichukua zaidi ya miaka 36. Na faktoria, yaani 1·2·3 mpaka n, hupita hapo mapema: 20! ni 2,432,902,008,176,640,000, tayari kubwa kuliko 2⁶⁰.

Baki

Watoto wa Kiswahili huzaliwa ndani ya hesabu ya moduli, yaani hesabu ya mabaki, na inanisikitisha kwamba shuleni hatuambiwi. Saa ya Kizungu ikisema 7 asubuhi, sisi tunasema saa moja. Toa 6. Ikisema 15:00, 15 − 6 = 9, saa tisa. Ikisema 2 usiku wa manane, 2 − 6 = −4, na hapo mwanafunzi husita. Ongeza 12: saa nane usiku. Hiyo ndiyo maana ya −4 ≡ 8 (mod 12). Na ukiongeza 6 badala ya kutoa, unafika pale pale, kwa sababu −6 ≡ 6 (mod 12).

Fasili: a ≡ b (mod m) maana yake m inagawa a − b bila baki. Shahidi ni namba kamili q ambayo a − b = qm. Alama hiyo ya mistari mitatu Carl Friedrich Gauss aliitoa kwenye kitabu chake cha mwaka 1801. Kuhusu namba hasi, baki la −17 kwa 5 ni 3, kwa sababu −17 = 5·(−4) + 3 na baki halipaswi kuwa hasi. Ukijipima kwa kompyuta, kuwa mwangalifu: lugha ya kompyuta ya Python itakupa 3, lakini lugha za C na Java zitakupa −2. Zinalingana kwa moduli 5, ila kwenye karatasi ya mtihani andika 3.

Siku za wiki nazo zimejihesabu zenyewe. Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Alhamisi inakuwa 6, na Ijumaa 7, yaani 0. (Alhamisi kwa Kiarabu nayo ni "ya tano", kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Wiki yetu ina siku mbili za tano, na tofauti yake ni kusogeza mwanzo kwa siku moja.) Sasa zoezi: Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, siku ya Alhamisi. Miaka 40 ilipotimia, mwaka ule wa sarafu, ilikuwa siku gani? Mwaka wa siku 365 ni 1 kwa moduli 7, kwa kuwa 364 ni 7 × 52. Miaka 40 inatoa 40. Miaka mirefu (ya siku 366) katikati, kuanzia 1964 hadi 2000, ni 10, kila mmoja unaongeza siku moja. Jumla 50. Alhamisi ni 6, na 6 + 50 = 56 ≡ 0. Ijumaa. Siku 14,610 umezipima bila kugusa kalenda.

Kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa moduli hakuna hila. Badilisha namba yoyote kwa baki lake wakati wowote. Kugawanya ndiko kunakovunja watu. 10 ≡ 4 (mod 6) ni kweli. Gawanya pande zote kwa 2 upate 5 ≡ 2 (mod 6), ni uongo. Ukigawanya kwa d, moduli nayo lazima igawanywe kwa KKS ya d na m, ile KKS ya shule ya msingi, kigawo kikubwa cha shirika. Kwa hiyo 5 ≡ 2 (mod 3), ambayo ni kweli.

Ndiyo maana kwenye mlinganyo kama 17x ≡ 5 (mod 43) hatugawanyi. Tunatafuta shahidi: namba ambayo ukiizidisha na 17 unapata 1 kwa moduli 43. Inaitwa kinyume cha 17, na njia ya kuipata ni ya Eukleidi, mwanahisabati wa Kigiriki wa kale. Gawanya, chukua baki, gawanya tena:

43 = 2·17 + 9
17 = 1·9 + 8
9 = 1·8 + 1

Baki la mwisho ni 1, kwa hiyo KKS ni 1 na kinyume kipo. Sasa panda ngazi kurudi juu, ukibadilisha kila baki kwa mstari uliolizaa, na usizikokotoe 17 na 43 kabisa. Zitunze kama majina:

1 = 9 − 8
1 = 9 − (17 − 9) = 2·9 − 17
1 = 2·(43 − 2·17) − 17 = 2·43 − 5·17

Kwa moduli 43 kipande cha 43 kinatoweka, inabaki −5·17 ≡ 1. Kinyume cha 17 ni −5, yaani 38. Basi x ≡ 38·5 = 190, toa 172, x ≡ 18. Mpime shahidi kabla ya kumkabidhi: 17·18 = 306, na 43·7 = 301, baki 5. Hiki kipimo cha mwisho kinachukua sekunde kumi. Kifanye kila mara.

Je, kinyume kisipokuwepo? 6x ≡ 4 (mod 9) haina jibu, kwa sababu 3 inagawa 6 na inagawa 9, kwa hiyo ingelazimika kugawa 4. Lakini 6x ≡ 3 (mod 9) ina majibu matatu: 2, 5 na 8. Pima KKS kwanza, ndipo uamue unafanya kazi gani.

Nimalizie kwa swali ninalolitoa jioni ya mwisho, kwa sababu mada zote tatu zinakutana humo. Tafuta baki la 3¹⁰⁰ kwa 7.

Ukizidisha 3 moja baada ya nyingine utafanya mazidisho 99. Badala yake zidisha kila jibu kwa lenyewe, ukitunza baki tu: 3¹ ni 3, 3² ni 9, baki 2, 3⁴ ni 4, 3⁸ ni 16, baki 2, 3¹⁶ ni 4, 3³² ni 2, 3⁶⁴ ni 4. Sasa unatakiwa uilipe 100 kwa "sarafu" za 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Tumia pupa: 64, inabaki 36; 32, inabaki 4; 4, imekwisha. Pupa ni salama hapa, kwa kuwa kila sarafu ni maradufu ya iliyotangulia, na uthibitisho wa duka la mama mdogo unasimama bila kubadilisha neno. Zidisha mabaki: 4·2·4 = 32, baki 4.

Hesabu hatua ulizofanya. Kuzidisha kwa lenyewe mara 6, kuunganisha mara 2, jumla 8 badala ya 99. Kwa kipeo chochote n, hatua hazizidi 2·log n kwa msingi wa 2. Njia ya kwanza ni O(n), hii ni O(log n). Andika C na k pembeni: C = 2, k = 1.